Safu ya Tano Kwenye Daftari la Misiba

Mimi ni fundi cherehani wa Mtoni Mtongani, Temeke, na tangu 2012 ni katibu wa kikundi cha kufa na kuzikana cha mtaa wetu. Ukatibu wenyewe ni kutunza kaunta buku. Kila mwanachama ana mstari wake, na kila mstari ulikuwa na safu nne: jina, mchango wa mwezi, rambirambi, mahudhurio. Safu ya mahudhurio ndiyo iliyokuwa na makali. Mwenzetu akifiwa, twende wote. Asiyefika na hayuko safarini anatozwa faini ya shilingi 5,000, na akikosa misiba mitatu mfululizo jina lake linapigwa mstari. Tuliitunga kanuni hiyo baada ya kuchoshwa na watu waliokuwa wakipokea mkono wa wenzao, halafu siku ya wenzao wanazima simu. Niliipenda. Niliiandika kwa mkono wangu ukurasa wa kwanza, kwa kalamu nyekundu.

Tarehe 16 Machi 2020 Waziri wa Afya, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini, Mtanzania aliyetua uwanja wa Kilimanjaro akitokea Ubelgiji. Kesho yake Waziri Mkuu akafunga shule. Jioni ile wanangu wawili walirudi na madaftari yote begani, wanacheka, wanadhani ni likizo. Michezo na mikusanyiko ikasimamishwa. Misikiti na makanisa yakabaki wazi, masoko yakabaki wazi, Kariakoo ikaendelea kuwa Kariakoo. Kila mlango wa duka ukawekwa ndoo yenye koki na kipande cha sabuni. Hatukufungiwa ndani.

Binti wa shangazi yangu yuko Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa. Kenya waliweka kafyu ya kuanzia saa moja jioni. Siku ya kwanza ya kafyu hiyo, tarehe 27 Machi, watu waliosongamana kwenye kivuko ili wawahi nyumbani walirushiwa mabomu ya machozi na polisi. Alinipigia usiku ule macho bado yanamwasha. "Dada, nilikuwa nakimbia niitii hiyo kafyu, nikapigwa bomu njiani," akaniambia. Tarehe 8 Aprili Mombasa ikafungwa, hakuna kutoka wala kuingia. Akanipigia tena: "Nyie mna bahati, mko huru." Nikamwitikia. Nilijiona huru kweli, na nikamwonea huruma.

Mume wangu ni dereva wa daladala, Coaster ya Mbagala Rangi Tatu kwenda Kariakoo. Ilipotoka amri ya levo siti, yaani kila abiria akae na asisimame mtu, nilifurahi kuliko yeye. Nilijua kila jioni anakaa saa mbili nzima kwenye foleni ya barabara ya Kilwa, na nyuma yake kuna watu hamsini wanapumuliana shingoni. Wiki ya kwanza aliifuata amri. Wiki ya pili akarudi saa nne usiku, akaketi kitandani bila kuvua viatu.

"Leo nimepita Mtongani nimejaa levo siti," akasema. "Watu kama mia wako kituoni. Mama mmoja ana mtoto mgongoni akagonga kioo, akaniambia, dereva, sisi tulale hapa?"

"Ukamwambia nini?"

"Nimwambie nini? Nilimfungulia. Alipoingia yeye, wakaingia na wengine."

Na tajiri wake, yaani mwenye gari, hakuwa amepunguza hesabu ya siku hata shilingi. Gari la kukaa watu ishirini na sita, likibeba ishirini na sita tu, halitoi mafuta, hesabu ya tajiri na posho ya dereva na kondakta wake. Levo siti ilikuwa amri nzuri iliyosahau kumuuliza mtu mmoja: nani atalipa nafasi ya yule asiyesimama? Mwisho wake tuliujua wote. Ndani ya gari watu walikaa levo siti hadi wavuke mahali askari wa usalama barabarani aliposimama, halafu kondakta anagonga bodi, "Sogea nyuma, sogea nyuma!" Sikuwahi kumlaumu mume wangu kwa hilo. Nilichomlaumu, na tuligombana kweli, ni kutovaa barakoa wakati mkewe anazishona.

Maana Aprili hiyo kazi ya suruali na sare za shule ilikufa, ikaja kazi ya barakoa. Mkuu wa mkoa alipoagiza zivaliwe jijini, foleni ilifika hadi kwenye mlango wa jirani. Mwanzoni nilishona tabaka moja la kitenge, lenye mikunjo mitatu, lastiki masikioni. Lastiki ikapanda bei, nikachana tisheti za mitumba nikatumia nyuzi zake. Halafu fundi mmoja mzee akanifundisha jaribio la kibiriti: vaa barakoa, washa njiti, puliza. Ikizimika, umeshona pambo. Nilivaa yangu, nikapuliza, njiti ikazimika mara moja. Nilikuwa nimeshauza zaidi ya mia mbili.

Nikatafuta kitu cha kuweka katikati. Mwaka mmoja nyuma, Juni 2019, mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku, tukaletewa mifuko mbadala, ile inayofanana na kitambaa lakini haijafumwa. Kila nyumba ilikuwa nayo imejazana nyuma ya mlango. Nikaifua, nikaikata, nikaiweka kati ya vitenge viwili. Njiti haikuzimika. Juni 2020 Shirika la Afya Duniani lilipotoa mwongozo wa barakoa za kitambaa za tabaka tatu, la katikati likiwa la kitambaa kisichofumwa, mteja mmoja aliniletea habari hiyo kwenye simu na mimi nikahisi kama nimefaulu mtihani. Lakini wale mia mbili wa mwanzo niliwafuata nyumba kwa nyumba niliowajua, nikawaambia barakoa yangu haikingi kitu, rudisheni niwatengenezee. Wengi walinishangaa. Mmoja aliniambia, "Fundi, si nimeshavaa? Yatosha." Alitaka kitu cha kumvusha getini. Nilianza kuona hapo kwamba kinga ikija bila maelezo yake, watu wanaivaa kama kitambulisho.

Halafu namba zikakatika. Tarehe 29 Aprili tulitangaziwa wagonjwa 480 na vifo 16. Mei 3 Rais Magufuli akasema sampuli za papai na za mbuzi zimepelekwa maabara ya taifa kwa siri na nyingine zimerudi na majibu kwamba zina korona, kwa hiyo vipimo vina walakini. Baada ya hapo Bara haikutoa tena takwimu. Zanzibar ilitoa zake siku chache baadaye, jumla ya nchi ikafika 509, na 509 hiyo ikaganda kwenye orodha za dunia kwa zaidi ya mwaka. Mimi sikusomea takwimu, lakini ni fundi. Ukinipa kitambaa ukaninyang'anya futi ya kupimia, nitakata tu, kwa sababu mteja anangoja. Ila usiniulize baadaye kwa nini suruali imembana.

Msiba wetu wa kwanza wa wakati huo ulikuwa wa mzee wa nyumba ya nne kutoka kwangu. Alifia hospitali, mapema Mei. Hakuletwa nyumbani. Walikuja watu wa afya na mavazi meupe ya kufunika mwili mzima, wakaenda moja kwa moja makaburini, wakaruhusiwa wanaume wachache wa familia wasimame mbali. Mjane wake alibaki ndani peke yake na binti yake. Sisi kina mama tulisimama ng'ambo ya barabara, hatukujua kama tunaruhusiwa kuvuka. Hakuna aliyetuambia kaa hatua ngapi, keti nje, mlango uachwe wazi. Tuliambiwa tu ni hatari. Tukasimama hadi jua likazama, tukatawanyika. Yule mama aliniambia mwaka uliofuata: "Nilikuwa nawaona dirishani. Nilikuwa nawahesabu." Tulikuwa kumi na mmoja.

Nimelitafakari jambo hilo mara nyingi. Msiba uwanjani, watu kumi na moja, kila mmoja kwenye kiti chake, barakoa usoni, upepo wa bahari unapita: tungeweza kumfariji na tusingemdhuru. Woga usio na vipimo ulimnyima mjane haki yake. Na kosa hilo ndilo lililotufanya, miezi michache baadaye, tukimbilie kosa la upande wa pili.

Kwa sababu shule zilifunguliwa Juni, ikatangazwa kwamba Mungu ameiondoa korona kwa maombi ya wananchi, na maisha yakarudi. Ndoo za koki zikakauka mlangoni, nyingine zikawa za kuhifadhia mkaa. Ukivaa barakoa kwenye daladala unaulizwa unaumwa nini. Misiba ikarudi kujaa kama zamani na zaidi, watu wanalipia deni la mzee yule. Kalamu yangu nyekundu ikarudi kazini.

Februari 2021 jiji lilikuwa na harufu ya mkaratusi. Kila uani kulikuwa na sufuria ya nyungu, majani ya mwarobaini na mchaichai, na mtu chini ya blanketi. Tangazo la msiba likaanza kusomeka karibu kila siku kwenye simu, na maneno yalikuwa yaleyale, "changamoto ya kupumua". Tarehe 17 Februari alifariki Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, ambaye chama chake kilikuwa kimesema wazi wiki kadhaa kabla kwamba ana korona. Namshukuru yeye na watu wake kwa uwazi ule. Siku hizo neno lenyewe lilikuwa gumu kutamkwa.

Na siku hizo ndipo nilipokohoa mimi. Kikohozi kikavu, mwili kuuma kama nimelima, siku mbili. Nikajiambia ni vumbi la vitambaa. Siku ya tatu akafariki jirani yangu wa mlango wa pili, mwanamke wa umri wangu, kwa uzazi. Uzazi, nasema, hakikuwa kifua. Nilimpenda. Alikuwa mwanachama, mimi katibu, na asubuhi ile niliangalia kaunta buku kabla ya kutoka: misiba miwili iliyopita nilikuwa Tanga kwa mama yangu, nimeandika "safari". Nikisema naumwa, hakuna safu ya kuumwa. Na zaidi ya faini, nilijua kitakachosemwa. Katibu kaumwa siku ya msiba wa shoga yake! Au kibaya zaidi: katibu ana ile kitu.

Nilikwenda. Nikawa miongoni mwa waliomwosha, mimi ni wa kumimina maji. Chumba kidogo, dirisha limefunikwa shuka, chetezo kimewekwa chini ya kitanda na ubani unafuka hadi macho yanatoka machozi. Mwoshaji akanipa karafuu maiti nizisage kwenye kiganja. Anayeijua karafuu maiti anajua inavyopanda puani hadi kwenye ubongo, inakuamsha hata kama umelala. Nikasaga. Nikaleta kiganja puani. Hakuna kitu. Nikavuta tena. Moshi wa ubani nauona, macho yananiwasha, lakini ni kama naangalia picha ya moshi. Nilielewa palepale. Habari ya kupoteza harufu nilikuwa nimeisoma tangu mwaka uliotangulia.

Sikutoka. Nimeshasimulia mara nyingi na kila mara ninapofika hapa moyo unanidunda. Nilikuwa na uwezo wa kuweka chini kata ya maji nikasema, jamani, nisameheni, natoka. Nilimaliza kuosha. Halafu nikaketi mkekani usiku wa kwanza na wa pili, ubavuni mwa mama yangu mkubwa, dada wa mama, mwenye kisukari cha miaka mingi, ambaye alikuja kutoka Yombo kwa sababu marehemu alimwita mama. Alilala kichwa chake begani kwangu.

Siku ya tisa alianza kushindwa kupumua. Tulizunguka na gari la mume wangu kutafuta mtungi wa oksijeni. Tarehe 3 Machi alifariki.

Sijui kama ni mimi. Mle ndani tulikuwa zaidi ya arobaini, na wangapi walikuwa na kikohozi chao wamekificha chini ya mtandio, Mungu ndiye anayejua. Hakupimwa, sikupima. Daktari aliyemhudumia aliandika nimonia. Watu wananipa pole kwa kuniambia "siku yake ilifika", na mimi ni Muislamu, naamini siku ilifika. Lakini imani yangu hainiruhusu kusema kwamba mkono uliomfikishia haukuwa na jukumu.

Baada ya hitma ya mama mkubwa niliomba kikao cha dharura. Tulikaa uwanjani, viti vimetawanywa. Nikasimama, nikasema yote, tangu vumbi la vitambaa hadi kiganja kisichonusa. Kimya kilichofuata kilikuwa kirefu. Kisha mama mmoja upande wa nyuma akasema, bila kuinua kichwa, "Hata mimi nilikuja naumwa." Akafuata mwingine. Tulikuwa watano. Watano, kwenye msiba mmoja, kila mmoja akijua hali yake, kila mmoja akiiogopa kalamu yangu nyekundu.

Nikapendekeza safu ya tano: udhuru wa afya. Mwanachama akisema anaumwa, kwa meseji tu, ahesabiwe amehudhuria. Asitozwe, asiulizwe anaumwa nini. Mwenyekiti wetu alipinga, na hoja yake haikuwa ya kijinga. "Katibu, nakuelewa," alisema. "Lakini kikundi hiki kinasimama kwa sababu kila mtu anajua atazikwa na watu. Tukifungua mlango wa udhuru, kesho mvua ikinyesha wote wataumwa. Nani atachimba kaburi?"

Mwalimu mstaafu wa mtaa wetu ndiye aliyemjibu. Ni mtu wa kutembea na kijitabu cha Katiba kwenye mfuko wa koti. Alitusomea Ibara ya 30, inayosema haki na uhuru wa mtu visitumike kwa namna ya kukatiza haki za wengine au maslahi ya umma, na inataja afya ya jamii kwa jina. Mwenyekiti akatikisa kichwa, akaona imekuwa upande wake. Mwalimu akarudisha kurasa hadi Ibara ya 18: kila mtu ana haki ya kupewa taarifa wakati wote juu ya matukio muhimu kwa maisha ya wananchi na masuala muhimu kwa jamii. "Hizi mbili zinakwenda pamoja," akasema. "Huwezi kumwambia mtu linda wenzako halafu ukamficha kinachowaua. Na sisi hapa hatuwezi kumwambia mtu useme ukweli wa mwili wako, halafu tukautoza shilingi elfu tano."

Tulipiga kura kwa mikono. Ishirini na nane kwa kumi na tatu. Mwenyekiti alishindwa, na ndiye aliyekwenda dukani kununua rula ili mstari wa safu ya tano unyooke.

Ndipo nilipomwelewa vizuri binti wa shangazi yangu wa Likoni. Alinionea wivu kwa uhuru wa kutoka, na ulikuwa uhuru wa kweli, siwezi kuubeza. Nimeona jinsi watoto wa Uganda walivyokaa bila shule karibu miaka miwili, na familia yangu ingefungiwa mwezi mmoja tu tungelala njaa. Lakini kuna uhuru mwingine ambao Dar es Salaam wengi wetu hatukuwa nao hata siku moja: uhuru wa kubaki nyumbani. Dereva mwenye homa hakuwa nao, hesabu inamngoja. Fundi hakuwa nao. Mwanachama wa kikundi changu hakuwa nao, na huyo aliyemnyima ni mimi, kwa wino. Tulibishana miezi na miezi kama serikali ifunge au isifunge, na sikumbuki kikao hata kimoja, msikitini, sokoni wala kijiweni, kilichouliza mtu anayeumwa anapoteza nini akikaa kwake. Kwangu mimi hilo ndilo swali. Ukiondoa gharama hiyo, wengi watabaki kwao bila kusukumwa na askari.

Mwezi huohuo, Machi 17, Rais Magufuli akafariki, na tarehe 19 akaapishwa Rais Samia Suluhu Hassan. Aliunda kamati ya wataalamu, takwimu zikaanza kurudi taratibu. Julai 24 zikapokelewa dozi 1,058,400 za chanjo ya Janssen, na tarehe 28 Rais akachanjwa hadharani Ikulu, hapa hapa Dar, mkono wazi mbele ya kamera. Ikasemwa ni hiari. Nilichanja Agosti, wiki ya pili. Mume wangu akakataa. Kijiweni kwao wameshamwambia ukichanjwa hufiki miaka miwili, nguvu za kiume zinaisha, na mengine siwezi kuyaandika.

Sikumlazimisha, wala sikutamani serikali imlazimishe. Niliyaona ya barakoa na ya levo siti. Mtu aliyeburutwa atatafuta namna ya kuvuka geti tu. Nilimwomba kitu kimoja: awe ananiletea kila anachokisikia, nami nimuulizie kwa muuguzi wa zahanati. Mwezi mzima alikuwa anarudi na swali. Yule dada muuguzi hakumcheka hata mara moja, na palipokuwa na madhara ya kweli, kama homa ya siku moja mbili na mkono kuuma, alimwambia yapo. Nadhani hilo ndilo lililomfanya amwamini. Oktoba akaenda mwenyewe, bila kuniaga. Nilijua usiku, alipokataa nisimlalie mkono wa kushoto.

Hofu ya mwenyekiti haikuwa ya bure kabisa. Mwaka wa kwanza wapo wawili waliotumia udhuru wa afya vibaya, mmoja alionekana harusini Tandika jioni ileile ya msiba. Tulimwita, tukaongea naye, akaona haya. Makaburi yote yamechimbwa. Hakuna maiti aliyekosa watu.

Januari 2024 ugonjwa wa macho mekundu ulipolipuka jijini, tulifiwa na mzee wa upande wa reli. Kabla jua halijapanda, simu yangu ilikuwa na meseji sita. Ya kwanza ilitoka kwa mwenyekiti mwenyewe: "Katibu, asalaam alaykum. Nimeamka macho yamevimba, yanatoa uchafu. Naomba uniandike udhuru. Rambirambi yangu nimeituma kwa simu, na vijana wawili wangu wanakuja kuchimba." Nikafungua kaunta buku, nikaupata mstari wake, nikaweka herufi U kwenye safu ya tano. Nikachukua na mtandio wangu, nikaenda kuketi na wafiwa.